Kalazwa Horini

Winnie alisimamisha mazoezi katika ubeti wa pili, akashusha mkono, akauliza kwa adabu ni maji gani yaliyotulia.

Kwaya ya parokia yetu ilikuwa imeuimba ubeti huo kila Noeli kwa miaka arobaini na sita, na watu waliouimba ubeti kwa muda kama huo hawana desturi ya kuulizana unasema nini. Panka za dari ziliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyetu bila kuleta upepo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wiki ya kwanza ya Majilio, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, na kisiwa cha Mombasa kilikuwa na joto ambalo watunzi wengi wa nyimbo za Noeli hawakupata kulijua.

"Kalazwa horini, maji yakatulia," Winnie alisoma kutoka kwenye nakala yake. "Wimbi likanena: nani ametujia? Mimi ni mtu wa bara, mnisamehe. Ninavyojua, hori ni chombo cha kulishia ng'ombe. Sasa wimbi limeingiaje zizini?"

"Hori ni chombo cha kwendea maji," alisema mmoja wa waimbaji wa sauti ya tatu. "Waulize watu wa Liwatoni. Kidogo hivi, cha mtu mmoja na kasia lake."

"Mwalimu Elvis?" Winnie akanigeukia mimi.

"Ni vyote viwili," nikasema. "Kamusi inavyo vyote viwili. Inacho na cha tatu, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu."

"Kwa hivyo Mtoto Yesu alilazwa katika kipi?"

"Kile cha ng'ombe."

Watu wakacheka. Mama Mirriam, aliyekaa mwisho wa safu ya sauti ya pili, hakucheka. Aliikunja nakala yake mara mbili, akaiweka mapajani, akaifunika kwa kiganja.

Inafaa nieleze kwa nini. Wimbo ule uliotungwa mwaka 1978 ulikuwa wa marehemu mume wake, Levi Mwadime, na ubeti wa pili aliutunga ili auimbe yeye peke yake, kabla kwaya nzima haijaingia na kuuliza ni nani ametujia. Tangu hapo hakuna mwingine aliyepata kuuimba. Sasa Mama Mirriam alikuwa na miaka sabini na minne. Binti yake alikuwa amekwisha kumtengenezea chumba huko Voi, na baada ya sikukuu angehama kisiwani moja kwa moja. Kila mtu ukumbini alijua kwamba Noeli hiyo ndiyo ya mwisho kwake kuuanza ubeti ule.

Winnie naye alilijua hilo, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Bungoma, aliyesomea muziki chuoni, na tangu Pasaka alipokabidhiwa kwaya alikuwa ametufanyia jambo ambalo walimu watatu waliomtangulia hawakuliweza: alitufanya tusikilizane. Lakini parokia ilikuwa inaandaa kitabu chake cha nyimbo, na paroko alikuwa ameagiza kwamba kila wimbo upitiwe maneno yake. Ule utakaoonekana na kosa hautaimbwa Noeli mpaka urekebishwe. Winnie alikuwa tayari na marekebisho. Aliyaandika ubaoni ili tuyaone.

Kalazwa horini, ng'ombe wakatulia. Punda akanena: nani ametujia?

Niliyatazama. Punda anayesema, kwa maoni ya Winnie, alikuwa na haki zaidi ya kuwamo kuliko wimbi linalosema.

"Kamati ya liturujia inaomba maoni yako kwa maandishi, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye uliyefundisha Kiswahili. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili. Ukisema ubeti uko sawa, utabaki. Ukisema una kosa, tutaimba huu."

Tulipokuwa tukitoka, Mama Mirriam alinishika mkono mlangoni.

"Usiwe na haraka ya kuandika, Elvis," alisema. "Njoo kwangu Alhamisi."

Sikuhitaji haraka yoyote. Maoni yangu kuhusu ubeti ule nilikuwa nimekwisha kuyatoa, mbele ya watu thelathini, mwaka 1981.

Wakati ule mazoezi yalifanyika uani mwa nyumba ya mapadre, na kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho mende walikuwa wamekula sehemu ya mivukuto yake. Ukikanyaga kilivuta pumzi kwanza kama mzee anayepanda ngazi, halafu ndipo kikaimba. Levi alikuwa fundi wa mitambo bandarini. Aliandika nota zake za solfa nyuma ya fomu za bandari zilizokwisha tumika, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko ulionyooka kana kwamba kila do na kila mi ingekaguliwa na mhandisi. Upande mmoja wa karatasi uliimba utukufu kwa Mungu juu, na upande wa pili ulisomeka tani na namba za winchi.

Sidai kwamba tuliimba vizuri. Ipo kanda moja iliyobaki, na inathibitisha kinyume. Besi tulishuka, soprano walikimbia, na akina mama wawili wa Kigoa walitamka kila neno kana kwamba ni Kilatini. Hata hivyo baada ya mazoezi tulikuwa tukitembea kundi zima mpaka Ndia Kuu, tukipita katikati ya zile nyumba za mawe zenye vibaraza, na mtu mmoja angeanza bila kuombwa, na sauti nne zingejipanga humo kichochoroni zenyewe. Kuta za Mji wa Kale ziko karibu karibu, kwa hivyo hazimwachii mwimbaji sauti yake ipotee. Wenye maduka walipunguza redio. Mbele ya Ngome ya Yesu tulinunua viazi vya karai, tukala tukiwa tumesimama, tukabishana kuhusu nani aliyeharibu. Najua kwamba mtu anayezeeka hutia sukari katika mambo ya namna hii. Nimejaribu kuitoa, na kilichobaki bado ni kitamu.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimenunua kamusi kwa fedha zangu. Jioni moja ya Majilio nilisimama katika safu ya besi, nikainua mkono, nikamweleza Levi Mwadime mbele ya wote kwamba alikuwa amechanganya hori na hori. Nilieleza asili ya neno. Nilieleza matumizi. Nikasema kwamba kwa ubeti ule alikuwa amemwondoa Mkombozi zizini na kumtia katika mtumbwi. Watu walicheka sana, na mimi, sitaki kulificha, nilifurahi kwamba wamecheka.

Levi alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Asante, kijana." Akatazama karatasi yake muda mrefu, akatoa penseli sikioni, akairudisha sikioni, akasema, "Tuanze tena. Besi, mnashuka."

Hakubadilisha neno hata moja. Mwaka uliofuata ubeti uliimbwa vile vile, na uliofuata huo pia. Nilihitimu, nikapangiwa kazi mbali, nikarudi kisiwani nikiwa mwalimu mkuu msaidizi, nikamkuta bado anaongoza kwaya na bado maji yanatulia. Nilimhesabu kuwa mkaidi. Jambo moja tu ndilo lililonisumbua, na kwa miaka mingi nilijitahidi lisinisumbue: tangu jioni ile Levi hakutunga wimbo mwingine wowote. Alifariki mwaka 2003. Nilibeba jeneza upande wa kushoto.

Jumatano niliyapeleka majoho ya kwaya kwa Bi Fairuz, ambaye ana duka la ushonaji nyuma ya Ndia Kuu. Marehemu babake, Mzee Abdulkadir, ndiye aliyetushonea majoho ya kwanza, na familia ile haijawahi kuona sababu ya kuwaachia watu wengine kazi hiyo.

"Masalkheri, Mwalimu," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Akheri, Bi Fairuz. Hujambo?"

"Sijambo. Mumeniletea mashuka ya nani haya?"

"Ni majoho."

"Haya ni mashuka. Ebu yaweke pale." Aliliinua moja, akalipima kwa macho. "La Mama Mirriam li wapi? Lake nataka nilianze mimi mwenyewe, nilipunguze mabegani. Siku hizi lamwanguka. Na ile nyimbo ya hori mwaiimba?"

"Huenda mwaka huu isiimbwe."

"Kwani yafanyaje?"

"Ina maji."

Alisimamisha cherehani. "Nyimbo ya Mombasa isiwe na maji? Mimi na Afaf, dadangu, twaijua ile tangu twaenda chuo cha Kurani na mbao zetu. Mukipita hapo chini twatokeza dirishani. Mimi nikidhani ni nyimbo ya mabaharia, mtu amezaa chomboni."

"Ndivyo ilivyo. Hilo ndilo kosa."

"Na badali yake mwatia nini?"

"Ng'ombe. Na punda."

"Hata maji ya kunywa hamumpi mzazi." Aliuma uzi kwa meno. "Sisi kwetu maji yapo, Mwalimu. Bibi Maryamu uchungu ulimshika penye shina la mtende, na chini yake kijito chapita. Punda simsikii. Sasa hiyo hori yenu mutaitia kijitoni ama hamuitii, ni shauri yenu na padre wenu."

Nilimshukuru. Sikuona dalili kwamba ushahidi huo ungepokelewa na kamati ya liturujia, lakini niliuandika kwenye kijidaftari changu.

Alhamisi alasiri nilikwenda Ganjoni, kwa Mama Mirriam. Nyumba yake ya chini ilikuwa imejaa maboksi yaliyofungwa kamba, na ukutani palibaki alama nyeupe za picha zilizotolewa. Nilimwita Dada Mirriam, kama nilivyomwita nilipojiunga na kwaya nikiwa na miaka kumi na saba. Nadhani mimi ndiye mtu wa mwisho anayemwita hivyo. Alinimiminia chai, akanisogezea mahamri, akakaa.

"Umeshaandika?"

"Bado."

"Utaandika nini?"

"Dada Mirriam, unajua neno lile lina tatizo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita." Alipangusa makombo mezani ambayo hayakuwapo. "Levi alikuwa mtu wa Wundanyi, huko milimani. Kiswahili cha pwani alijifunzia hapa, kwenye meza hii. Kila neno asilolijua aliniuliza mimi, kwa sababu kwa watu wengine aliona haya. Siku moja niko pale nje nakuna nazi, akaja na karatasi zake akaniuliza, Mirriam, hori ni nini?"

Nilikiweka kikombe chini.

"Mimi nimezaliwa Liwatoni, Elvis. Baba alichonga vyombo vidogo. Hori tulikuwa nazo mbili mlangoni, tulichezea humo, tukalala humo mchana. Ng'ombe nilimwona buchani. Nikamwambia, hori ni kile chombo cha baba, cha mtu mmoja au wawili. Akasema, kumbe. Akafurahi. Akasema, mtoto ametiwa chomboni, kama Musa. Akaenda kuandika."

"Hakuwa amesikia Injili ikisomwa?"

"Alisikia. Ikisomwa na padre Mwairishi. Ukipata nusu ushukuru." Alikunywa chai. "Jioni ile ulipomwambia, mimi sikuwapo. Nilibaki na mtoto, ana homa. Alirudi akala wali wake. Nikamwuliza, mazoezi yalikuwaje. Akasema, mazuri, ila besi wanashuka. Basi. Nilikuja kuyasikia kwa watu wengine, wiki mbili baadaye, sokoni, na wakinisimulia wanacheka."

"Hakukwambia?"

"Wala wao hakuwaambia. Angesema tu, ni mke wangu aliyenieleza hivyo. Wangenicheka mimi kidogo, yakaisha. Mimi nisingejali. Hakusema. Na maneno hakuyabadilisha, maana angeyabadilisha ningemwuliza sababu, na angelazimika kuniambia kwamba nilimpotosha. Watu wakamwona mkaidi. Nawe ulimwona mkaidi."

"Nilimwona," nikasema.

"Nilipomwambia kwamba nimesikia, alisema basi tuache, tusiharibu wimbo wa watu. Lakini karatasi akazifunga. Sikumwona tena akiandika."

Nje mtu alikuwa akiburura jiko la makaa juu ya sakafu ya saruji. Nilisubiri sauti ile iishe.

"Nilikosea kulisema mbele za watu," nikamwambia.

"Hukukosea. Ulisema kweli. Ulikuwa na miaka ishirini na kamusi mpya." Alilisema hilo bila ukali, kama anayetaja hali ya hewa. "Sasa nisikilize. Sikuombi uandike kwamba ni sawa. Wewe uongo husemi, ndiyo tabu yako siku zote. Ninachoomba ni kosa langu liimbwe mara moja nyingine, nikiwapo, kwa sauti yangu. Baada ya hapo mtieni hata ngamia."

"Kwa nini usiwaambie kamati mwenyewe? Wangekuelewa."

"Alilificha kosa langu kwa watu miaka ishirini na mbili. Niende leo nikatangaze ofisini kwa paroko?"

Nilikula hamri moja zaidi, kwa kuwa alikuwa akinitazama, nikaaga.

Kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi niliandika maoni yangu mara tano. Mara nne za kwanza yalikuwa marefu. Kuna furaha fulani katika kuthibitisha jambo, na nilitambua kwamba furaha ile ilikuwa haijapungua tangu nilipokuwa na miaka ishirini. Nilizitupa karatasi zile nne. Ya tano ilikuwa na sentensi chache.

Jumapili, baada ya Misa ya pili, tulikaa katika ofisi ya paroko: paroko mwenyewe, Winnie, mimi, na wajumbe wawili wa kamati. Kupitia mlango uliokuwa wazi lilionekana pango la Noeli, ambalo vijana walikuwa wamelijenga kwa matawi ya mkoko na karatasi za saruji. Paroko aliisoma barua yangu kwa sauti.

"Neno hori limetumika kwa maana mojawapo ya maana zake zinazokubalika. Maji na wimbi havimo katika Injili. Ng'ombe na punda nao, kama mashahidi wa usiku ule, hawamo. Napendekeza, ikiwa kipimo ni Injili, viondolewe vyote vinne, katika nyimbo na katika pango. Ikiwa kipimo ni mazoea ya waamini, viachwe vyote vinne."

Aliiweka barua mezani. Akageuka akalitazama pango.

"Mwalimu, punda amepakwa rangi juzi," alisema.

"Nimemwona, Padre. Amependeza."

"Unataka aondolewe?"

"Sitaki kitu. Nasema tu kipimo kiwe kimoja."

Winnie alikuwa akinitazama kwa namna anavyoitazama sauti ya tatu inapoficha nota. "Mwalimu, naomba nikuulize wazi. Mtunzi alikosea, au hakukosea?"

Lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu ambalo ningeweza kulirudia mbele ya hakimu.

"Mtunzi alikutana na neno asilolijua," nikasema. "Akamwuliza mtu anayelijua. Akapewa maana yake, nayo ilikuwa maana ya kweli. Akaitumia vizuri."

"Basi kosa ni la nani?"

"La lugha, kwa kuvipa vitu vitatu neno moja."

Nadhani alifahamu kwamba kuna mtu katika sentensi yangu ya pili, na nadhani baada ya muda kidogo alimjua ni nani, kwa sababu aliuangalia mlango, akaacha kuuliza. Aliyetufanya tusikilizane alijua kusikiliza yeye mwenyewe.

"Uimbwe mwaka huu ulivyo," paroko akasema. "Kitabuni tutaona mwakani. Nani atauanza?"

"Mama Mirriam," alisema Winnie. "Ila itabidi tuushushe. Ile mi ya juu haifikii tena. Amekuwa akiigusa kwa chini na sisi tukijifanya hatusikii."

Hivyo ndivyo ulivyopata ruhusa wimbo wa Levi Mwadime, kwa mwaka mmoja. Wiki mbili na siku kadhaa zilizobaki tuliufanyia kazi kuliko nyimbo zote. Winnie aliushusha hatua mbili bila kumtangazia mtu. Alimwambia mpiga kinanda peke yake. Mama Mirriam, alipouanza siku ya kwanza katika ufunguo mpya, alisita baada ya neno moja, akamtazama Winnie, akaendelea. Kisha ikawa kazi ya kawaida: Winnie alitukataza kuvuta pumzi katikati ya neno, alitutumia sauti zetu kwa simu tukajifunze nyumbani, na alitutenga besi peke yetu mara mbili kwa wiki kwa kosa lile lile ambalo Levi alitutengea.

Siku ya Noeli, Misa ya saa tatu asubuhi, kanisa lilijaa mpaka nje. Majoho yalikuwa yamerudi kutoka kwa Bi Fairuz, na la Mama Mirriam lilimkaa mabegani kama limezaliwa naye. Baada ya komunyo watu walikaa, watoto wakanyamazishwa kwa viwango mbalimbali vya mafanikio, na Winnie akainua mkono.

Ubeti wa kwanza tuliuimba sote. Ulikwenda vizuri, na nalisema kama mtu asiyesema hivyo mara nyingi. Kisha tukanyamaza, na Mama Mirriam akasimama peke yake.

"Kalazwa horini," aliimba, "maji yakatulia."

Sauti ilikuwa nyembamba. Ilikuwa na kutu pembeni, kama kitu kilichokaa karibu na bahari muda mrefu. Lakini ilikuwa pale pale penye nota, na kila neno lilisikika hadi mlangoni. Katika viti vya mbele niliona wazee kadhaa wakitikisa midomo. Mimi si mtu wa dini tena, na huwa nawaambia watu kwamba nimebaki kwaya kwa sababu besi ni wachache. Nililitazama lile joho na nikamfikiria mwanamume mmoja akila wali wake, akisema mazoezi yalikuwa mazuri.

"Wimbi likanena," aliimba.

Hapo pana kimya cha mapigo manne, halafu kwaya nzima inaingia. Mapigo manne ni mapigo manne. Nimeyahesabu tangu 1978, na sijawahi kuyakosa. Lakini safari hii Mama Mirriam aliishikilia silabi ya mwisho kupita kiasi chake, hakutaka kuiachia, na Winnie akamwachia aishike, na hesabu yangu ikabaki kule ilikokuwa siku zote.

"Nani," niliimba.

Peke yangu. Katika kanisa zima. Neno lilitoka kubwa na zito, likapanda hadi kwenye paa, na hapakuwa na sauti nyingine ya kulificha. Watu sitini wa kwaya walikuwa kimya pembeni yangu, kama ilivyowapasa. Mama Mirriam aligeuza kichwa akanitazama. Winnie hakushusha mkono. Aliuacha juu, akaliacha neno langu lizunguke hadi lilipokwisha, akayahesabu mapigo yake manne upya kuanzia hapo, ndipo akatuingiza.

"Nani ametujia?" kwaya ikaimba, sauti zote nne, mahali pake.

Nyimbo zilizofuata niliziimba nikitazama karatasi.

Baada ya Misa tulivua majoho ukumbini. Watu walikuwa wakipeana mikono na kutakiana heri, na hakuna aliyenitajia lolote. Nilingoja walitaje. Nilimwona Mama Mirriam amezungukwa na wajukuu zake; aliniona pia, akaniambia kwa juu ya vichwa vyao, "Elvis, mbona kinanda kilikuwa polepole leo? Tungekesha pale," kisha akaendelea kutafuta mkoba wake.

Winnie alikuwa amekaa kwenye benchi, nakala yake ya wimbo juu ya goti, kalamu mkononi.

"Mwalimu, ile nani yako ya mwanzo. Ilikuwa so?"

"Lilikuwa kosa, Winnie. Niliingia mapema."

"Najua. Nauliza nota."

Aliandika herufi B ya besi pembezoni, pale kabla kwaya haijaingia, akachora mstari, akaandika neno *nani* chini yake, peke yake, akaacha nafasi wazi juu ya neno. Kalamu ikangoja.

Nilimwambia ilikuwa nota ya la, si so, na kwamba niliishusha kidogo. Akaandika la.